Doa kwenye Jani: Kusoma na Kutibu Maradhi ya Sakulenti za Ndani Dar es Salaam

Mei iliyopita, masika yakiwa bado hayajachoka, jirani yangu wa ghorofa ya pili alinigongea mlango saa moja asubuhi. Ni mama mtu mzima. Jengo zima hapa Sinza tunamwita Bibi. Alikuwa ameshika kikombe cha kauri kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie huyu mgonjwa wangu. Maji nampa kila asubuhi, dawa nimempaka, lakini kila nikiamka nakuta kadondosha jani."

Mgonjwa alikuwa echeveria, sakulenti (mmea unaotunza maji kwenye majani yake manene) yenye majani yaliyopangika kama ua la waridi, zawadi kutoka kwa mjukuu wake. Majani ya chini yalikuwa yamegeuka manjano na kuangaza kama zabibu iliyoiva kupita kiasi. Nilipoligusa moja kwa ncha ya kidole lilichomoka lenyewe, likaacha tone la maji kwenye shina. Juu kidogo kulikuwa na madoa matatu meusi, kila moja na pete ya manjano, yote yamepakwa mafuta ya mwarobaini. Nikakiinamisha kikombe. Maji meusi kama chai ya rangi yakatiririka ukingoni, na harufu ya mtaro ikajaa pale mlangoni. Chini ya kikombe hakukuwa na tundu hata moja.

Watu wengi jijini wamezipenda sakulenti, maana hazitaki bustani na zinakaa vizuri kwenye dirisha la chumba cha kupanga. Wengi pia wanazipoteza, kisha wanaamini mkono wao hauoteshi. Nimeona hilo mara nyingi na linaniuma, kwa sababu si kweli. Jani ndilo linalolia, lakini anayelipiga mara nyingi yuko kwenye udongo na kwenye hewa ya chumba. Ukilitibu jani peke yake, utanunua dawa hadi mmea uishe.

Chungu juu ya mafiga matatu

Wataalamu wa magonjwa ya mimea hueleza jambo hili kwa kuchora pembetatu. Sisi tuna picha iliyo karibu zaidi, nayo ni mafiga. Ugonjwa ni chungu kinachokaa juu ya mafiga matatu: mmea unaoweza kuugua, kimelea chenyewe, na mazingira yanayokipa kimelea nafasi. Ondoa figa moja, chungu hakikai.

Figa la kimelea huwezi kulimaliza nyumbani. Spora, yaani mbegu ndogo mno za ukungu, zimo kwenye vumbi la barabarani, kwenye udongo, kwenye maji ya ndoo na kwenye vidole vyetu. Figa la mmea uliliweka siku uliponunua: ukileta ndani sakulenti ya milima ya Meksiko, kama echeveria, umeleta mmea uliozoea usiku wa baridi na hewa kavu. Linabaki figa la tatu, mazingira. Hapo ndipo tunapoweza kufanya kazi kubwa, na hapo pia ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni unapotupoteza, kwa kuwa uliandikwa na watu wanaoishi kwenye hali ya hewa isiyo yetu.

Nianze na usiku. Mimea mingi hufungua vitundu vya hewa vya majani yake, stomata, wakati wa mchana. Sakulenti nyingi hufanya kinyume: mchana hufunga ili zisipoteze maji, usiku hufungua, huvuta hewa ya kaboni na kuihifadhi kama asidi, kisha jua likitoka asidi hiyo hutumika kwenye usanisinuru. Mwanzoni mwa karne ya 19, Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa India, alitafuna majani ya kalankoe, sakulenti nyingine, asubuhi akayakuta yana ukali wa uchachu. Mchana ukali ule ulikuwa umekwisha. Alikuwa anaionja asidi ya usiku. (Usijaribu nyumbani, jamii ya kalankoe ina sumu inayogusa moyo.)

Sasa fikiria usiku wa Machi au Aprili hapa kwetu. Joto halishuki sana chini ya nyuzi 24, na hewa imejaa unyevu kiasi kwamba kanga iliyoanikwa jioni inaamka mbichi. Mmea unafungua stomata zake usiku huo, lakini maji hayatoki kwa sababu hewa ya nje nayo imeshiba. Usipotoa maji juu, hauvuti maji chini. Udongo ambao kwenye nchi kavu ungekauka kwa siku nne unakaa na unyevu wiki mbili. Mizizi inakosa hewa, inakufa ncha kwa ncha, na vimelea vya kuozesha vinaingilia hapo. Kwa hiyo mtu anayefuata kanuni ya "maji mara moja kwa wiki" anaweza kuwa anaozesha mmea wake bila kujua, ingawa kanuni hiyo ilikuwa sahihi kule ilikoandikwa.

Halafu kuna suala la dirisha. Utasoma kwamba sakulenti inataka dirisha la kusini. Hiyo ni kwa watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua hupita upande wa kusini wa anga mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwetu jua la mchana hupita upande wa kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia kusini kwa miezi iliyobaki. Maana yake ni kwamba wakati wa masika na kipupwe dirisha la kusini halipati jua la moja kwa moja, na huo ndio wakati mmea unahitaji mwanga zaidi ili unywe maji yaliyoko kwenye chungu. Dirisha la mashariki ndilo ninalolipenda kuliko yote: jua la asubuhi, la upole, mwaka mzima. La magharibi ni kali saa tisa hadi saa kumi na moja, hasa kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Machi. Na mwanga hupungua upesi mno ukitoka dirishani. Sakulenti iliyokaa mita mbili kutoka dirishani, juu ya meza ya runinga, iko gizani hata kama wewe unaona chumba kinang'aa. Mmea wa gizani hunywa kidogo, udongo haukauki, na tunarudi palepale.

Vitu vyeupe vinne

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kuna unga mweupe kwenye majani, nipulize dawa gani?" Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu unga huo unaweza kuwa vitu vinne tofauti, na kimojawapo si tatizo kabisa.

Cha kwanza ni nta ya mmea wenyewe. Echeveria nyingi na baadhi ya kalankoe huvaa poda laini ya rangi ya majivu au buluu iliyosambaa sawasawa kwenye jani zima, kama vumbi la juu ya zabibu. Ukiigusa inabaki alama ya kidole. Nta hiyo ni mwavuli: inakinga jua na inafanya tone la maji liteleze na kudondoka badala ya kukaa. Ikifutika kwenye jani lililokomaa, hairudi. Nimeona watu wakiisugua kwa sabuni na kitambaa wakidhani wanaponya, kumbe wanalivua jani nguo.

Cha pili ni ubwiri unga. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaufahamu vizuri kwa jina hilohilo, na ndio uliowafundisha kupuliza salfa mikorosho yao. Aina zinazoshambulia sakulenti ni jamaa wa huo wa korosho. Hauenei sawasawa kama nta. Huanza kama madoa ya mviringo, kana kwamba mtu amedondosha unga wa ngano, kisha madoa huungana. Ukifuta, chini yake jani limekwaruzika na kuwa la kahawia. Kalankoe na krasula, sakulenti nyingine ya majani manene, ndizo hupatwa zaidi. Ajabu ya ukungu huu ni kwamba, tofauti na wengine wengi, hauhitaji jani lililolowa. Hewa nzito isiyotembea inautosha. Ndiyo maana hutokea kwenye chumba kilichofungwa ambacho mwenye mmea anaapa kwamba hajawahi kulowesha majani.

Cha tatu ni vidung'ata, wadudu wadogo wenye manyoya ya nta kama vipande vya pamba. Hujificha kwenye makwapa ya majani na chini ya ukingo wa chungu. Chukua njiti ya meno uguse kipande cha pamba: kikiwa na mwili laini unaotoa maji ya rangi ya waridi au machungwa, umewapata. Dalili nyingine ni sisimizi. Wadudu hawa hunyonya utomvu na kutoa maji matamu, sisimizi huyafuata na kuwalinda, na juu ya utamu huo huota ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Ukiona sisimizi wanapanda chungu kwa foleni, usiwamwagie dawa tu ukaridhika. Fuata msururu wao hadi unakoishia.

Cha nne ni chumvi. Dar maji ya kisima mengi ni maji chumvi, hasa sehemu zilizo karibu na bahari, na wengi wetu huyatumia kwa kazi za nyumbani na kuyaacha maji baridi ya bomba kwa kunywa na kupika. Ukimwagilia sakulenti maji hayo miezi mitatu, utaona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu na juu ya udongo, na ncha za majani zikikauka rangi ya kahawia. Tone likikaukia juu ya jani huacha pete nyeupe. Hakuna dawa ya kupuliza hapo. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo safi, maana masika yanatupa bure, kisha siku moja mwagilia chungu hadi maji mengi yapite na kutoka chini, yasuuze ile chumvi. Fanya hivyo asubuhi ya siku yenye jua, na chungu kiwe na matundu.

Madoa

Madoa yanachanganya zaidi, na hata mimi hukaa na jani mkononi muda mrefu kabla ya kusema lolote. Ninachotazama kwanza ni mahali doa lilipo na kama linakua.

Doa lililo upande mmoja tu, ule unaotazama dirisha, likianza jeupe kisha kuwa la kahawia na kavu kama karatasi, ni jua limeunguza. Hutokea mtu akihamisha mmea kutoka ndani moja kwa moja hadi barazani. Halitaenea, na halitapona. Litabaki kovu hadi jani lizeeke. Vijivimbe vigumu kama ngozi ya chikichi, hasa chini ya jani, ni dalili kwamba mizizi ilileta maji kuliko jani lilivyoweza kutoa, seli zikapasuka na kufunga kovu. Hivyo viwili si magonjwa ya kuambukiza. Mmea wenye kovu la jua ni mmea mzima, usiutupe.

Doa la mviringo lililobonyea katikati, linalokua siku hadi siku, na wakati wa unyevu likitoa vidoti vya rangi ya waridi au machungwa, mara nyingi ni chule. Ni jamaa wa chule inayoharibu maembe yetu. Madoa ya kahawia iliyokolea yenye pete ya manjano yanaweza kuwa ya kuvu wengine kadhaa. Kwenye sansevieria, ile yenye majani marefu kama mapanga, kuna ukungu wa jamii ya Fusarium unaotoa madoa mekundu-kahawia yaliyobonyea, na huanzia pale maji yalipotuama katikati ya majani. Sansevieria ni ya huku kwetu, jamaa zake wengi wanaota porini Tanzania na Kenya, na kwa ugumu wake wengi wanadhani haiugui. Inaugua ukiimwagia maji kwenye moyo wake.

Kutu hutokea kwenye mishubiri: madoadoa ya kahawia au meusi magumu yenye duara la njano. Inachafua sura ya mmea lakini mara chache inauua.

Halafu kuna ile iliyomshika mgonjwa wa Bibi. Jani linakuwa la maji, linaangaza, linalegea, na uozo unasafiri kutoka chini kwenda juu. Ukiwa na harufu mbaya na unaenda mbio, ukamaliza mmea kwa siku mbili au tatu, fikiria bakteria, na kwa hao dawa za ukungu hazisaidii chochote. Ukienda polepole ukianzia kwenye mizizi, mara nyingi ni Pythium au Phytophthora, vimelea vinavyopenda maji kiasi kwamba spora zake huogelea. Hawa wawili si ukungu wa kweli ingawa tumezoea kuwaita hivyo, na jambo hili lina maana dukani: baadhi ya dawa zinazoua ukungu wa kawaida haziwagusi, na zile zenye metalaksili, zinazotumika kwa bakajani ya viazi na nyanya, haziugusi ubwiri unga. Ukiingia duka la pembejeo Kariakoo na kusema tu "nataka dawa ya ukungu," umebahatisha.

Unaweza kuuliza, vipi yale madoa meusi matatu ya juu kwenye echeveria ya Bibi? Yalikuwa ya wageni waliokuja msibani. Mmea ukishadhoofika chini, kuvu walioko kwenye hewa hupata pa kuingilia juu. Bibi aliwaona hao, akawatibu hao.

Mezani na wembe

Tulitandaza gazeti juu ya meza ya jikoni. Mmea wenye uozo wa shina hauponywi kwa kusubiri. Unakatwa.

Nilipochomoa echeveria, mizizi ilibaki kwenye udongo. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa na unakataa ukiuvuta. Mzizi uliooza ni wa kahawia, ganda lake linavuka kama soksi na kuacha uzi. Wa Bibi yote ilikuwa nyuzi.

Nilifuta wembe kwa spiriti ya hospitali ya asilimia 70, nikakata shina kwa mlalo. Katikati kulikuwa na pete ya kahawia. Nikafuta wembe tena, nikakata nusu sentimita juu zaidi. Pete ikapungua ikawa doti. Tena spiriti, tena kata. Mkato wa nne ulitoka msafi, kijani kilichopauka kama tango lililomenywa, bila doa hata moja. Hapo tukasimama. Watu wengi hukata mara moja na kupanda, na kale kadoti kadogo kanakuja kumaliza mmea baada ya wiki mbili. Kufuta wembe kila mkato si kupoteza muda. Bila hivyo unahamisha ugonjwa kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Na asilimia 70 ni bora kuliko spiriti kali zaidi, kwa sababu ile kali huruka kabla ya kumaliza kazi.

Bibi aliuliza kuhusu mdalasini, maana alisikia unapakwa kwenye kidonda. Unaweza kupaka kidogo kwenye shina lililokatwa, hautadhuru, ila usiuweke kwenye mizizi hai kwa kuwa unaikausha. Kazi kubwa ya kukiponya kidonda inafanywa na ukavu. Kiache wazi, mahali penye kivuli na hewa, hadi kifunge ngozi ngumu. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, siku tano zinatosha. Masika nasubiri siku tisa au kumi, na naweka chini ya pangaboi. Majeraha ni mlango. Hata mkonge, sakulenti kubwa tunayoifahamu kuliko zote, ambao mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliuleta Tanganyika mwaka 1893, huozeshwa na ukungu mweusi uitwao Aspergillus niger, unaoingilia pale majani yalipokatwa wakati wa mavuno. Kama mmea wenye nguvu ile unaingiliwa kwenye kidonda, wa kwenye kikombe je?

Baada ya ngozi kufunga, panda kwenye udongo mkavu kabisa. Usimwagilie hadi mizizi ianze kutoka, wiki mbili au tatu. Mmea una maji yake ndani.

Kwa magonjwa ya madoa, kata jani zima lenye doa, litoe nje ya nyumba, tenga chungu peke yake na uache majani makavu. Mara nyingi hiyo inatosha. Kwa ubwiri unga, salfa inafanya kazi, lakini usiipulize wakati wa joto kali la mchana, na usiitumie ndani ya majuma mawili baada ya mafuta ya aina yoyote, la sivyo majani yataungua. Njia ya jikoni yenye ushahidi ni maziwa: mwaka 1999 mtafiti Wagner Bettiol wa Brazili alichapisha matokeo kwamba maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji yalidhibiti ubwiri unga kwenye jamii ya mung'unye. Sehemu moja ya maziwa kwa tisa za maji, juani asubuhi. Ndani ya nyumba yatanuka, kwa hiyo toa chungu barazani kwanza.

Vidung'ata wanafutwa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti ileile, mmoja baada ya mwingine, kila siku nne kwa wiki tatu, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Mwarobaini na sabuni vinasaidia kwenye mishubiri na sansevieria zenye ngozi ngumu. Kwenye echeveria sivitumii. Mafuta huyeyusha ile nta na jua likipiga jani linaungua, na nadhani sehemu ya madoa ya Bibi ilichochewa hivyo.

Mrututu na dawa nyingine za shaba zinazuia madoa ya ukungu na hata baadhi ya bakteria, ila zinazuia tu. Jani lililokwisha kuugua haliponi. Mankozebu, dawa nyingine ya ukungu, vilevile ni ngao. Ninawasihi jambo moja kwa dhati: msinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji au ya soda. Mimi niliwahi kununua hivyo kwenye duka moja, nikaambiwa ni ya ukungu. Krasula yangu ya miaka minne ilipukutisha majani yote kwa siku mbili, na hadi leo sijui nilimwagia nini. Kilichonitisha zaidi ni kwamba chupa ile ilikaa jikoni usiku mzima, na nina mtoto mdogo. Nunua chupa iliyofungwa, yenye lebo, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), pulizia nje, vaa glovu, na usirudishe mmea chumbani hadi dawa ikauke. Kama huna baraza wala uwanja wa kupulizia, ni heri ukate na kutupa kuliko kupuliza sumu chumba mnacholala.

Kabla ya masika

Kinga inaanzia kwenye chungu. Kiwe na tundu. Kuweka kokoto chini ya kikombe kisicho na tundu hakusaidii, na naomba niliseme hili wazi kwa sababu linafundishwa kila mahali. Maji hayatoki kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto hadi udongo ule ulowe chepechepe kwanza, kwa hiyo umepandisha tu bwawa karibu na mizizi. Chungu cha udongo wa kuchoma kisichopakwa rangi ni bora kwetu, maana kinapumua pande zote na bei yake ni ya kawaida.

Udongo wa sakulenti hapa uwe na mawe kuliko udongo. Mimi huchanganya sehemu mbili za vipande vya tofali la kuchoma na mkaa uliopondwa, ukubwa wa punje ya mahindi au chini kidogo, na sehemu moja ya mboji iliyoiva. Chekecha vumbi lote kwanza, kwa kuwa vumbi la tofali huziba kila upenyo na kugeuka matope. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Samadi mbichi pia usiitumie. Mbolea nyingi ya naitrojeni hutoa majani laini yanayoliwa na kila kimelea.

Kwa maji, tupa kalenda. Tumia njiti ya mshikaki. Ichomeke hadi karibu na kitako cha chungu, iache dakika kumi, itoe. Ikitoka na rangi nyeusi au punje zimeganda, subiri. Ikitoka kavu, bonyeza jani la chini. Likiwa bado gumu, subiri tena. Likilegea kidogo, mwagilia asubuhi, pembeni ya mmea na si juu yake, hadi maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kwangu, kipupwe hutoka kama mara moja kwa siku kumi na mbili. Masika kuna vyungu vimewahi kukaa wiki tano.

Hewa ndiyo inayosahaulika. Wavu wa mbu dirishani tunauhitaji, lakini unapunguza upepo kuliko tunavyodhani. Acha nafasi ya kiganja kati ya chungu na chungu, na usiku wa masika washa pangaboi polepole hata kama hakuna joto. Mmea mpya utoke dukani au kando ya barabara, ukae peke yake wiki tatu kabla ya kuungana na wenzake. Na wale wanaoanza, nawashauri sansevieria, haworthia na mishubiri kwanza. Echeveria waje nazo baadaye, wakishalijua dirisha lao.

Kikombe cha kauri cha Bibi sasa kinawekewa kalamu. Kile kichwa cha echeveria kilikaa siku tisa juu ya gazeti, jikoni kwangu, kisha nikampelekea kwenye chungu kidogo cha udongo na kukiweka kwenye dirisha lake la mashariki. Jumapili aliniita nikitazame. Kwa chini, katikati ya vipande vya tofali, ilikuwa imetoka mizizi mitatu ya rangi ya waridi, mifupi kama kucha. Alikuwa na kikombe cha maji mkononi tayari. Nikamwambia, "Bado, Bibi. Mpe siku nne nyingine."